Swali Nililolimeza Ghalani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa nakamua ng'ombe. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mbunge mpya wa viti maalumu, na viatu vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya kazi hiyo vilikuwa bado vinanibana. Tulisimama ndani ya ghala la kambi moja ya jeshi, mbali na huku kwetu Mara. Tulikuwa wabunge tisa, tumejipanga kama wanafunzi wa shule ya msingi, na kanali mmoja mwenye sauti nzuri alikuwa anatuonyesha vitu ambavyo Bunge liliidhinisha vinunuliwe. Jina la kambi silitaji. Niliapa kutunza siri za nchi, na kiapo changu bado nakishika. Lakini haya ninayokueleza leo hayakuwa siri ya nchi, na ilinichukua muda mrefu kulielewa hilo.

Jina langu ni Ghati. Nilizaliwa Kerende, nikaolewa Mbalibali, na uzee umenisogeza hapa Morotonga kwa sababu hospitali ya Mugumu iko karibu, na magoti yangu hayataki tena safari ndefu. Ukiniona naswaga ng'ombe wangu wanne kwenda kunywa maji huwezi kudhani niliwahi kukaa kwenye kamati ya ulinzi. Hata mimi mwenyewe siku nyingine nasahau.

Kazi ya kamati ile, kwa maneno mepesi, ilikuwa kuangalia kwa niaba yenu. Tuangalie jeshi letu lina watu wa kutosha na wako mahali wanapotakiwa kuwa. Tuangalie fedha iliyoombwa imefanya kilichoombewa. Tuangalie vifaa vilivyonunuliwa ni vile vile vilivyoandikwa kwenye karatasi. Wabunge wengi waliipenda kamati hiyo kwa sababu ya heshima yake. Ukifika kambini unapigiwa saluti, bendi inapiga, mbuzi anachomwa. Mimi, binti wa dereva wa lori, nilipopigiwa saluti ya kwanza nilitazama nyuma nione nani anapigiwa.

Nimesema binti wa dereva wa lori, na hapo sina budi kusimama kidogo. Baba yangu alibeba mahindi na ng'ombe kati ya Mugumu, Tarime na Sirari kwa miaka mingi. Kwetu hapakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika spana. Alinifundisha tairi kabla sijajua kupika ugali wa muhogo. Tairi jipya, alisema, lina vinyweleo vidogo vya mpira juu yake, na ubavuni limegongwa namba zinazosema lilitengenezwa lini. Tairi bovu linaweza kubandikwa ngozi mpya juu ya mwili wa zamani, na ukipitisha kidole pembeni utapahisi mahali ilipoungwa. Kwa gari la kubebea mchanga shambani sawa, alisema. Kwa gari lenye watu linalokwenda mbio, huo ni uuaji.

Basi, mle ghalani kanali akatufikisha mbele ya matairi ya malori. Yalipangwa mpaka karibu na bati, meusi, yanang'aa.

"Mapya kabisa, Waheshimiwa," alisema. "Yamefika mwezi uliopita."

Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikagusa tairi la chini. Hakukuwa na kinyweleo hata kimoja. Nikapitisha kidole pembeni, na pale pale nikaipata ile sehemu ya kuungwa, imepigwa msasa lakini ipo. Nikainama nitafute namba za ubavuni. Zilikuwa zimekwanguliwa. Nilipoutoa mkono, vidole vyangu vilikuwa vyeusi tii, kwa sababu kilichong'aa kilikuwa rangi.

Kanali aliniona. Alitoa leso yake nyeupe mfukoni, akanipa huku anatabasamu. "Utachafua nguo yako nzuri, Mheshimiwa."

Mwanangu, nilijua. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, labda mimi na yeye tu ndio tuliojua. Swali lilikuwa kooni: kwa nini tairi jipya linapakwa rangi? Maneno machache tu. Nikamtazama mwenyekiti wetu, anaangalia saa. Nikawatazama wabunge wakongwe wa kamati, wanaume tupu, nikawaza watacheka: mama mgeni, wiki ya tatu kamatini, anataka kutufundisha magari. Nikawaza pia kiti changu. Cha viti maalumu hakipigiwi kura jimboni. Unapewa na wakubwa wa chama, na wakubwa hao wanaweza kukusahau.

Nikajifuta vidole. Nikarudisha leso, nikasema asante. Tukaenda kula pilau, na baada ya pilau likaja karatasi lenye maneno kwamba kamati imekagua na imeridhika. Nikasaini. Sahihi yangu ilikuwa nzuri siku hiyo, nilikuwa bado naifanyia mazoezi.

Mvua za masika zilipokuja, simu ilinikuta Dodoma. Lori la kambi ile lilikuwa linashuka mlima na vijana nyuma. Tairi la mbele likapasuka. Lori likaacha barabara, likaviringika. Vijana wawili walikufa pale pale. Mmoja wa waliobaki alikuwa Marwa, mtoto wa shangazi yangu Bhoke wa Kerende, na madaktari walimkata mguu juu ya goti.

Unajua sisi Wakurya na jeshi. Karibu kila nyumba kwetu ina mtu aliyevaa kombati, na mama zao hutembea wima sokoni kwa sababu hiyo. Shangazi Bhoke alikuwa mmoja wao. Marwa aliporuhusiwa kutoka hospitali akaletwa nyumbani, nami nikaenda kuwaona. Nilibeba sukari, mchele na kanga mbili, na njiani kutoka Tarime mpaka Nyamongo, jirani na Kerende, nilikuwa natunga maneno ya pole.

Nilimkuta shangazi uani anamenya muhogo wa kuvundika. Marwa amekaa kwenye kiti cha mbao, suruali imekunjwa na kufungwa pale mguu ulipoishia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Sikuthubutu kutoa pole yangu ya kutungwa. Marwa ndiye aliyeanza, polepole, kama mtu anayezungumzia mchezo wa mpira alioutazama.

"Dada, halikupasuka tu. Ngozi ya juu ilitoka nzima nzima. Tuliisikia inapiga chini ya lori, pa, pa, pa, dereva akajaribu kupunguza mwendo, ndiyo likalipuka. Na fundi wetu alishasema. Sajenti Elias. Matairi yalipoletwa alikataa kuyapokea, akaandika barua kwamba si mapya. Wiki iliyofuata wakamwondoa kwenye magari, wakampeleka kulinda geti."

Shangazi aliendelea kumenya. Hakuniangalia. "Ghati, si wewe uliyekwenda kukagua vitu vya kambi hiyo? Tulikusikia redioni. Tulifurahi. Mpaka nikawaita majirani waje wasikilize."

"Ndiyo, shangazi. Nilikwenda."

"Matairi hayo uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ulijua?"

Marwa akageuza kichwa akanitazama. Ningeweza kusema sikujua. Nani angenipinga? Lakini nilikuwa kwenye ua wa dada wa baba yangu, na yeye alikuwa anamjua vizuri mtu aliyenifundisha.

"Nilijua," nikasema, na machozi yakaanza.

Shangazi akaweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, sijawahi kumsikia akipaza sauti, na siku hiyo pia hakupaza.

"Nyamaza. Sitaki machozi yako, machozi ya nyumba hii yananitosha. Mwanangu aliapa kuilinda nchi. Kama adui angemchukua mguu ningelia, lakini ningejua nalilia nini. Huyu, mguu wake umechukuliwa na mtu anayekula chakula kizuri mjini, na wewe ukamshikia mlango. Kutuletea sukari hakutoshi. Kama ulikuwa na swali siku ile, bado unalo. Nenda ukaulize."

"Shangazi, wataninyang'anya kiti."

"Kwani ulizaliwa nacho?"

Hilo ndilo karipio lililonitengeneza, mwanangu. Maneno mengine yote niliyowahi kuambiwa na maprofesa na viongozi nimeyasahau.

Nilirudi Dodoma wakati wa vikao vya bajeti. Wakuu wa jeshi waliletwa mbele ya kamati kuomba fedha za mwaka mpya, na kwenye karatasi zao kulikuwa na fungu la usafirishaji, na ndani ya fungu hilo, matairi mengine kutoka kwa kampuni ile ile. Kanali mwenye sauti nzuri alikuwepo. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kujua nani aliyakagua matairi ya mwaka jana kabla hayajapokelewa, na barua yake iko wapi."

Kanali akatabasamu kama siku ile ya leso. "Mheshimiwa, mambo ya vifaa vya jeshi yanagusa usalama wa taifa. Ulinzi ni siri."

"Vijana wetu wako wapi ni siri," nikasema. "Wako wangapi mahali fulani ni siri. Silaha zao sitaki kuzijua mbele ya watu. Lakini tairi kubandikwa ngozi na kupakwa rangi hakumfichi adui kitu chochote. Kunatuficha sisi tuliolilipia."

"Mheshimiwa anafahamu mambo ya magari?" akauliza, na wawili watatu wakacheka, kama nilivyokuwa nimeogopa.

"Nafahamu. Siku ile mkono wangu ulichafuka na wewe ukanipa leso. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumeua watu. Kwa hiyo leo cheka upendavyo, lakini swali utalijibu."

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole aliyependa vikao viishe mapema. Akasema tutalirudia jambo hilo kesho, akafunga kikao.

Mchana ule ule aliniita mkubwa mmoja wa chama. Alinikaribisha soda, akanisifia mavazi. Kisha akasema, "Dada yangu, kiti chako hakina jimbo. Unaelewa? Wapo akina mama wengi wazuri wanaosubiri nafasi. Na watu wameanza kuuliza kama wewe ni mzalendo kweli, unavyolichafua jeshi."

Niliogopa, sitakuficha. Lakini nilimjibu.

"Nilikuja Dodoma na sanduku moja la nguo. Nikiondoka nitaondoka na hilo hilo, halitakuwa zito. Na jeshi sijalichafua mimi. Jeshi ni Marwa na wenzake. Aliyewapandisha kwenye matairi yale ndiye umuulize uzalendo wake."

Soda sikuimaliza.

Kesho yake nilitoa hoja kwamba Sajenti Elias aitwe mbele ya kamati. Mwenyekiti akasema haiwezekani, askari aliye kazini haitwi hivi hivi. Nikasema basi sisaini taarifa, na nitaandika maoni yangu peke yangu, yaingie kwenye kumbukumbu za Bunge, na watu wayasome. Palikuwa na mzee mmoja, mbunge wa kutoka kanda ya ziwa, ambaye kila kikao alikuwa anasinzia kidevu kimegusa kifua. Tulidhani amelala. Akainua mkono bila kufungua macho.

"Mimi nasimama na huyu mama. Huyo sajenti aje."

Wawili wengine wakafuata. Mwingine akafuata. Sijui hadi leo kama walisukumwa na dhamiri au walikuwa wamechoka kudanganywa, na sikuuliza. Mwenyekiti akahesabu vichwa, akaandika barua ya kuomba ruhusa kwa wakubwa wa sajenti. Ruhusa ilichukua siku nyingi, na fungu la usafirishaji likakaa linasubiri.

Sajenti Elias alipokuja alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mtu wa makamo, mikono ya fundi, kucha zenye grisi isiyotoka tena. Alikuwa na nakala ya barua yake ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Akaisoma yote. Alikuwa ameandika kila kitu: namba zilizokwanguliwa, mahali pa kuungwa, rangi. Mwishoni aliandika, "Naomba yasitumike kubeba askari."

Nikafungua karatasi zetu za bajeti. Zilionyesha kwamba ghala lile lina mafundi wakaguzi sita.

"Sajenti, wenzako watano wako wapi?"

Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kuwa na haki kwa kila upande. "Sijawahi kuwaona, Mheshimiwa. Nimekuwa peke yangu tangu nifike."

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Kanali alikuwa anaangalia meza. Fikiria, mwanangu: mwaka mzima tumeidhinisha watu sita, na macho yaliyokuwepo ni ya mtu mmoja, na huyo mmoja alipoona, akapelekwa getini. Mwenzake katika kuona nilikuwa mimi, nami nikajipeleka getini mwenyewe.

Kamati ilikataa kupitisha fungu lile mpaka matairi yale yote yatolewe kwenye malori, na tukarudi kambini kuhakikisha yanatolewa. Tulikwenda bila taarifa, na safari hii hapakuwa na bendi wala mbuzi. Mzee wetu msinziaji alihesabu malori yeye mwenyewe, ameshika fimbo, hakupumzika mpaka la mwisho. Kampuni ile ikanyimwa kazi. Kanali alistaafishwa. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na ilikoishia sikujua. Nakwambia ilivyokuwa, sitaki udhani kila kitu kilinyooka.

Na mimi walinisahau, kama nilivyoahidiwa. Uchaguzi uliofuata jina langu halikuwemo kwenye orodha. Kuna aliyenipigia simu kunishauri niandike barua ya kuomba radhi kwa wakubwa, huenda wangenifikiria. Nilimuuliza niombe radhi kwa kosa gani, kwa sababu kosa langu nililifanya siku niliyonyamaza, na kwa hilo hakuna kati yao aliyewahi kunilaumu. Radhi niliziomba kwingine. Nilisafiri mpaka kwa mama za wale vijana wawili waliokufa. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa. Mwingine, aliposikia mimi ni nani, aliingia ndani na kufunga mlango. Nilikaa kidogo nje, kisha nikaondoka. Alikuwa na haki yake.

Marwa leo ana duka la vipuri vya pikipiki pale Nyamongo, ana mke na watoto, na ni mkali kwa wateja kuliko mkufunzi wa jeshi alivyo kwa makuruta. Hajawahi kuniambia amenisamehe. Ananiita dada, ananiletea vocha ya simu, ananigombeza nisipokwenda kliniki. Mimi hilo nimelipokea.

Sasa nisikilize, wewe uliye kijana. Siku hizi naona mnauliza kwenye simu zenu, na naona mnavyojibiwa: wewe si mzalendo, wewe unatumiwa, haya mambo ni makubwa kwako. Maneno hayo ni ya zamani. Niliyasikia nikiwa na soda mkononi. Yasikutishe.

Nchi ina siri zake na uziheshimu. Ukipewa siri ya kweli, ufe nayo. Lakini kabla hujanyamaza, jiulize siri hiyo inamlinda nani. Ikiwa inamlinda askari aliye mpakani, nyamaza. Ikiwa inamlinda aliyemuuzia askari huyo kitu kibovu, hiyo ni aibu ya mtu iliyovalishwa sare, na huna deni nayo. Ivue.

Ukipelekwa kukagua, kagua. Iwe ni darasa la kijiji chako, dawa za zahanati, au bajeti ya jeshi zima, usitie sahihi mahali ambapo mkono wako haujafika. Uliza pale pale, siku ile ile, hata ukiwa mgeni, hata kama kila mtu anaangalia saa. Nilidhani swali linaweza kungoja mpaka nizoee kazi. Liliningoja kweli, na wakati linaningoja vijana walikuwa wanapanda lori.

Na usipende kiti kuliko kazi ya kiti. Watakutisha kwa kukinyang'anya. Waache wakichukue. Mimi wamenichukulia changu, na hapa nilipo nalala vizuri, nakunywa maziwa ya ng'ombe wangu, na ningeitwa tena kesho ningewauliza tena, kwa sauti ile ile, na haya magoti mabovu ningekwenda nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na ng'ombe wasioharibu mimba. Akupe watoto watakaokutazama usoni. Wakubwa wako wakikuonea, akupe mahali pa kurudi, hata pakiwa padogo kama hapa pangu. Na siku utakayowekwa mbele ya kitu cha watu ukiangalie, akupe sauti isiyotetemeka. Ikitetemeka, uliza hivyo hivyo.